Ini Hukua Likiitwa

Kwamba ini hukua tena baada ya kukatwa ni jambo lililothibitishwa tangu 1931, Higgins na Anderson walipoondoa theluthi mbili za ini la panya na kukuta kwamba, baada ya siku chache, uzito wake umekaribia kurudi. Binadamu aliyetoa kipande cha ini kumpa ndugu yake hurudishiwa sehemu kubwa ya ujazo ndani ya miezi michache. Lakini pande lililokatwa halichipui. Sehemu iliyobaki ndiyo inayotanuka, kwa kuwa seli zake zinagawanyika. Nazo hazigawanyiki kwa kujiamulia: zimeitwa. Kwa mkaaji wa Kolwezi, mji wa migodi nchini Kongo, hilo ni jambo zito, kwa sababu wito unafaa pale tu penye tishu inayoweza kuuitikia.

Wito wa kwanza ni wa damu. Damu yote itokayo matumboni, iliyokuwa ikigawanywa katika ini zima, sasa inapita kwa nguvu kwenye sehemu ndogo, na kuta za mishipa midogo zinahisi msukumo huo. Kisha seli za Kupffer, walinzi wanaokaa humo humo ndani ya ini, hutoa protini za ishara, TNF na interleukini-6. Hizi huziamsha seli za ini, ila hazitoshi kuzifanya zigawanyike. Kazi hiyo hukamilishwa na vichocheo vya ukuaji, hasa HGF, ambayo baadhi yake ilikuwa imehifadhiwa katika nyuzi zinazoshikilia ini. Mwaka 1967 Moolten na Bucher waliunganisha mzunguko wa damu wa panya wawili. Mmoja alikatwa ini, na ini la mwenzake, ambalo halikuguswa na kisu, nalo likaanza kutengeneza seli mpya. Ujumbe ulikuwa umesafiri ndani ya damu. Na ukubwa ukishatosha huja ishara za kuzuia, TGF-beta ikiwa mojawapo. Bila breki hizo, ukuaji ungeweza kupita kiasi.

Msomaji atauliza: ikiwa ini lina uwezo mkubwa hivyo, kwa nini tulihofie? Jibu liko katika breki hiyo hiyo. Jeraha la kisu lina mwisho; jeraha la virusi vya homa ya ini aina ya B, la sumu ya ukungu katika mahindi ya bukari (ugali) yaliyokaushwa vibaya, au la pombe ya lutuku ya kila siku, halina mwisho. Hapo TGF-beta huendelea kuamuru nyuzi za kovu zifumwe, hadi seli nzima zinazingirwa. Ndiyo maana daktari wa upasuaji anayeweza kubakiza robo tu ya ini zima lenye afya hutaka karibu asilimia 40 ibaki ikiwa ini limejaa makovu. Mara nyingi hakati kabisa.

Yapo pia madini yenyewe. Utafiti wa wanasayansi wa Lubumbashi na Leuven uliochapishwa 2018 ulikuta watoto wa mtaa wa Kasulo, Kolwezi, ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao, wana kobalti karibu mara 10 zaidi katika mkojo kuliko watoto wa mtaa wa kulinganishia, pamoja na dalili za madhara kwenye DNA. Katika maabara, chumvi ya kobalti hutumika kuzidanganya seli ziamini kwamba oksijeni imepungua, na upungufu wa oksijeni ni mojawapo ya habari ambazo ini huzisoma linapojijenga. Mtu anaweza kudai kwamba basi kobalti ingesaidia ini kukua. Hapana: ishara huponya kwa kufika kwa wakati na kukoma kwa wakati, na vumbi la mgodini halijui saa. Utafiti ule haumpi mtu haki ya kusema kwamba kobalti inaua maini ya Kolwezi, nami sisemi hivyo. Nasema kwamba mwili ulioelemewa tayari haupaswi kuongezewa mzigo unaoweza kuepukwa.

Na mzigo mmoja unaepukika leo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B imo ndani ya sindano ya pamoja ambayo mtoto hupewa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mzazi, mpeleke mara zote tatu.