Kusafishwa baada ya mimba kutoka: tuulize kifaa

Mwanamke wa Gazi ambaye mimba imemtoka nusu, damu ikiendelea, hana safari ndefu. Barabara ya Lunga Lunga itamfikisha hospitali ya rufaa ya Msambweni kabla matatu haijashusha wengi. Kinachomtia hofu ni kusafishwa kwenyewe, maana amesikia habari za waliotobolewa kizazi na za wengine ambao hawakushika mimba tena. Hofu hiyo ina msingi, ila inamsukuma abaki nyumbani ilhali ingepaswa kumfanya aulize swali moja tu: mtanisafisha kwa kifaa gani?

Kijiko cha chuma kina kitanzi chenye makali nchani. Hupitishwa kwenye mlango wa kizazi kikakwangue ukuta ambao daktari hauoni, na kizazi cha mja mzito ni laini. Mkono ukizidisha nguvu, chuma hutoboa. Hata kisipotoboa, huweza kukwangua mno hadi kuta zikashikana kwa makovu na hedhi ikakoma, hali aliyoieleza Joseph Asherman mwaka 1948. Pampu ya mkono ni bomba la plastiki lenye mrija laini unaovuta mabaki. Haihitaji umeme, na mara nyingi ganzi na dawa ya maumivu hutosha. Nayo yaweza kutoboa, ila ni nadra zaidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2012 ulitaka kijiko kiachwe, pampu au vidonge vya misoprostol vishike nafasi yake. Lakini vidonge si vya kila mtu: damu huchuruzika kwa siku kadhaa, na Pwani yetu, ambako malaria huwaacha wajawazito wengi na upungufu wa damu, kuna ambao pampu itawafaa zaidi.

Hatari nyingine ni maambukizi, na mtu atasema hayaletwi na kijiko peke yake. Kweli kabisa. Utafiti wa AIMS, uliochapishwa 2019, ulihusisha wanawake zaidi ya 3,400 wa Malawi, Tanzania, Uganda na Pakistan. Waliopewa dozi moja ya antibiotiki kabla ya kusafishwa, asilimia 4.1 waliambukizwa, waliopewa dawa bandia, asilimia 5.3, tofauti isiyotosha kukata shauri. Vilipotumika vigezo vikali vya kuutambua ugonjwa, ikawa 1.5 kwa 2.6. Kwa dawa ya bei nafuu namna hiyo, mimi ningeitoa.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaohofu kwamba pampu na vidonge vikisambazwa zahanatini vitatumika kutoa mimba. Lakini mimba iliyokwisha haribika haitolewi mara ya pili, na misoprostol iyo hiyo huzuia damu baada ya kujifungua, kwa hiyo wodi za wazazi haziwezi kuikosa. Kifungu cha 26(4) cha Katiba ya Kenya ya 2010 nacho kinaruhusu matibabu ya dharura. Anayeumizwa na shuku hizo ni yule aliyeitaka mimba yake, anayehojiwa kwanza huku damu ikimwagika.

Akishatibiwa, aambiwe lini arudi: homa, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu ya tumbo yanayozidi, au damu inayolowesha pedi mbili kwa saa, saa mbili mfululizo. Aandikiwe kwa Kiswahili kwenye karatasi, pamoja na nambari ya simu inayopokelewa usiku.