Boti yako inainua pua? Kabla hujainunulia bawa, keti hapa kwanza

Kama umewahi kupanda boti ndogo kutoka Mokowe kuelekea kisiwani Lamu, unaijua hali hii. Nahodha anakaza injini, tezi inazama, omo inapanda juu kama farasi aliyeshtuka, na kwa sekunde kadhaa wewe uliyeketi nyuma huioni bahari tena. Unaona anga na kisogo cha jirani yako. Nahodha naye haoni. Anaendesha kwa kumbukumbu na dua.

Leo nataka tuongee kuhusu hizo sekunde. Ndizo zinazokula mafuta yako, na ndizo zinazoweza kukugonganisha na mtumbwi wa mvuvi ambaye hukumwona.

Nianze kwa kukiri. Mimi si fundi mwenye karatasi. Diploma ya mitambo niliiacha mwaka wa pili, karo ilipokataa kabisa, na siku hizi naandika blogu yangu nikiwa Mombasa. Lakini boti ninayo, au tuseme tunayo. Ni ya faiba, futi 18, injini ya nguvu za farasi 40, zote mitumba. Nusu ya pesa aliitoa binamu yangu wa Lamu, ambaye ndiye nahodha. Nusu ya pili mama aliikopa kwenye chama chake. Kwa hivyo kila lita inayochomeka bure, jua hilo ni deni la mama.

Na boti yetu ilikuwa inainua pua vibaya sana.

KWANI PUA INAINUKA KWA NINI?

Boti ikienda polepole, inayasukuma maji kando na kujichimbia bonde lake yenyewe. Ukiongeza kasi, wimbi la mbele linakuwa refu, tezi inateremkia ndani ya lile bonde, na boti inakuwa kama mtu anayepanda mlima ambao haumaliziki. Injini inalia, mafuta yanaenda, safari haiendi. Ukivuka hapo, boti inapanda juu ya maji na kuanza kuteleza. Pua inashuka, injini inapumua, na wewe unaona mbele.

Shida ni kwamba kuna boti zinazochelewa kuvuka, na nyingine hazivuki kabisa zikiwa na mzigo. Yetu ilikuwa inachukua sekunde 12 ikiwa na watu sita. Nilizihesabu kwa simu. Kwenye mkondo wenye majahazi, boti za abiria na watoto wanaoogelea, sekunde 12 za kutoona ni nyingi mno.

Basi nikafanya anachofanya kijana yeyote mwenye bando. Nikaingia mtandaoni, nikatazama video usiku kucha, na asubuhi nikawa nimeshaoa wazo: tununue bawa.

BAWA LENYEWE NI NINI?

Wauzaji huliita hidrofoili. Ni kipande cha plastiki ngumu chenye umbo la mabawa ya ndege, ambacho hufungwa kwenye ile sahani bapa ya injini iliyo juu kidogo ya propela. Maji yakipita kwa kasi, bawa linataka kupanda, na likipanda linaibeba tezi. Tezi ikipanda, omo inashuka. Maji ni mazito kuliko hewa takriban mara 800, ndiyo maana kibawa kidogo kuliko sinia kinaweza kuinua nyuma ya boti yenye watu.

Wazo hilo si geni. Alexander Graham Bell, yule yule wa simu, pamoja na wenzake huko Kanada, walijenga chombo kilichoitwa HD-4. Mnamo Septemba 9, 1919, kilikimbia takriban kilomita 114 kwa saa kikiwa kimesimama juu ya mabawa yake. Lakini usichanganye mambo. Mabawa ya Bell yalikitoa chombo kizima majini. Hili la dukani linainua tezi tu, na boti yako inabaki boti.

Nikaagiza bawa kutoka duka moja la mtandaoni, Sh9,500. Likafika Lamu kwa basi, likiwa limefungwa kwenye gunia. Mimi na binamu tukatoboa matundu manne kwenye ile sahani ya injini, tukakaza boliti, tukapiga picha, tukaposti. Mbogi yote ikatupa laiki.

Siku ya kwanza, si uongo, lilifanya kazi. Maji yalikuwa shwari, boti ikaruka juu upesi, binamu akacheka hadi machozi. Nikajiona mhandisi.

SIKU KUSI ILIPOTUFUNZA ADABU

Wiki ya pili kusi ikaamka. Kama unaijua Lamu, unajua upande wa Shela mkondo unafunguka baharini, na wakati wa kusi mawimbi huingia kutoka huko. Ukitoka Shela kurudi mjini, mawimbi yanakufuata mgongoni.

Tulikuwa na abiria wanne, mmoja wao mama aliyembeba mtoto. Binamu akakaza injini kama kawaida. Wimbi likaja nyuma, likaiinua tezi. Sasa fikiria: bawa nalo lilikuwa tayari linaiinua tezi hiyo hiyo. Omo ikachimba. Na omo ikichimba, boti haigeuzwi tena na injini, inageuzwa na pua. Ikachepuka kushoto kwa nguvu, ikalala ubavu, maji yakaingia. Yule mama akatoka kwenye ubao wa kukalia, akaangukia magoti yake, mtoto akiwa kifuani. Binamu akapiga mdomo wake kwenye ukingo wa boti ukapasuka. Lakini mkono wake ulipunguza kasi, na boti ikainuka.

Hakuna aliyezama. Kila mmoja alikuwa na jaketi okozi, na hilo ni jambo pekee tulilofanya sawa siku hiyo. Mama yule aliposhuka bandarini hakutukana. Alitutazama tu, akafuta maji usoni mwa mtoto, akaenda zake. Afadhali angetukana.

AMI NA UBAO WA SAKAFU

Jioni ile tukamwita ami yetu, mzee aliyekuwa baharini na majahazi kabla sisi hatujazaliwa. Hakulitazama bawa hata kidogo. Aliingia botini, akaketi nyuma, akaketi mbele, akanyamaza. Kisha akasema, "Inueni ubao huu."

Tukainua ubao wa sakafu. Chini yake maji yalikuwa yamejaa hadi kwenye kifundo cha mguu.

"Mumekwenda dukani, mumekwenda mtandaoni," akasema. "Ngama mumeitazama lini?"

Unaujua ule msemo, kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani? Shuleni tulifunzwa kama methali ya kujibia mtihani. Siku hiyo niliusikia kwa maana yake ya mbao na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Tulipoyachota tulihesabu ndoo tatu za lita 20, pamoja na kidogo. Yaani tulikuwa tunambeba mtu mzima wa kilo 60 asiyelipa nauli, na boti ikiinua pua yeye anakimbilia nyuma, ikishusha pua anakimbilia mbele. Abiria mbaya kuliko huyo hayupo.

Tangu jioni ile tulipitia mambo manne, na hakuna lililotugharimu hata shilingi mia. Yaandike mahali.

La kwanza, maji ya ngama. Yachote yote kabla ya kila safari, kisha utafute yanapoingilia.

La pili, mzigo. Mitungi yetu ya petroli, nanga na kisanduku cha vifaa vyote vilikuwa nyuma, karibu na nahodha, kwa sababu ni rahisi kuvifikia. Tukavisogeza katikati. Abiria nao tukaanza kuwajaza kutoka mbele badala ya kuwaacha warundikane nyuma kukwepa marasharasha.

La tatu, pini ya injini. Ukitazama mabano yanayoshika injini kwenye ukuta wa tezi, utaona matundu yaliyopangwa kwa mstari na pini moja. Pini hiyo ndiyo inayoamua injini ilale vipi. Tundu lililo karibu na boti huivuta propela ndani na kushusha pua. Tundu la mbali huisukuma nje na kuinua pua. Yetu ilikuwa tundu la mbali kabisa, tangu kwa mwenye boti wa kwanza. Tulipanda nayo miezi bila kuigusa! Tukaisogeza matundu mawili ndani. Fanya hivyo tundu moja moja, maana ukizidisha, pua itachimba hata bila bawa.

La nne, kimo cha injini. Chukua ubao ulionyooka, uweke chini ya sakafu ya boti na uuelekeze nyuma. Ile sahani ya injini inafaa iwe usawa na sakafu, au juu yake kidogo, kama inchi moja. Ikiwa chini sana, inakokota maji na kuyarusha. Ikiwa juu sana, propela inavuta hewa, injini inapiga kelele na boti haisukumwi. Angalia pia urefu wa mguu wa injini. Kuna wa inchi 15 na wa inchi 20, na si kila mguu unafaa kila boti. Yetu ilikuwa sawa hapo, shukrani kwa Mola.

Kisha tukalivua bawa, tukaziba yale matundu tuliyotoboa, tukajaribu tena. Watu sita wale wale, maji ya kujaa kama mwanzo, simu ile ile. Sekunde 7.

Tukalirudisha bawa ili tulipime kwa haki. Sekunde 6.

Soma tena hizo namba. Kuchota maji na kusogeza pini kulitupa sekunde tano bila malipo. Bawa la Sh9,500 lilitupa sekunde moja.

SASA, BAWA HALIFAI KABISA?

Sisemi hivyo. Kuna boti ambazo injini ni nzito, tezi ni nyembamba na mzigo hauna pa kusogezwa. Kwao bawa ni msaada wa kweli: boti inapanda mapema na inabaki juu hata kwa kasi ndogo. Lakini lina bei yake. Kwa kasi kubwa, bawa lililo ndani ya maji linakokota. Wimbi la nyuma likija, umeshaona lilivyotufanya. Na ukitoboa sahani ya injini umeidhoofisha, na umeifungulia chumvi mlango wa kula alumini. Injini ikiwa mpya, huenda umeitupa na waranti yake. Kuna mabawa ya kubana yasiyohitaji tundu hata moja. Laiti ningejua.

Njia nyingine ni vibao vya trimu. Hivi havigusi injini. Ni vibao viwili vya chuma, kimoja kila upande wa injini, vilivyofungwa kwa bawaba chini ya ukuta wa tezi. Ukivishusha vyote, tezi inapanda na pua inashuka. Uzuri wake mkubwa ni kwamba unaweza kushusha kimoja peke yake. Boti imelalia kulia kwa sababu mzee mnene ameketi huko na hataki kuhama? Unashusha kibao cha kulia na upande huo unainuka. Na wimbi likija nyuma, unavipandisha vyote na kuiachia pua iwe huru. Bawa halikupi chaguo hilo.

Lakini vibao vinavyoendeshwa kwa umeme au mafuta ya presha vinataka betri, nyaya na doo ya maana. Kwa boti ya futi 18 inayolipa deni la chama, hayo ni ya kesho. Viko pia vidogo vya kujisukuma kwa gesi au springi visivyohitaji umeme. Ukiviweka, vijaribu bila abiria kwanza, kwenye maji shwari kisha kwenye wimbi la nyuma, ukiwa umejifunga ile kamba ya kuzima injini. Na kama boti yako hubeba watu kwa malipo, mwonyeshe mkaguzi wa KMA ulichobadilisha kabla hujaita abiria.

Bawa letu siku hizi linaning'inia kwenye msumari nyumbani kwa ami. Analitumia kukaushia kofia.

Mwezi uliopita nilipokuwa Lamu, yule mama alikuja tena kwenye gati la Shela, mtoto sasa anatembea. Akasimama, akaitazama boti kwa nyuma, akamwuliza binamu, "Ile kitu mumeiondoa?"

"Tumeiondoa, mama."

"Na maji?"

Binamu akainua ubao wa sakafu, akamwonyesha. Pakavu. Mama akampandisha mtoto kwanza, kisha akapanda yeye, akaketi mbele.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha injini na kabla hujafungua ukurasa wa duka lolote, inua ubao wako wa sakafu na utazame.