Kalipa za Nyuma Ndani ya Magurudumu Madogo

Mwenye kirikuu anayepakia mahindi Songea na kuyateremsha Mbamba Bay, akipita Mbinga na milima ya Wamatengo, anaijua breki kwa namna ambayo dereva wa nchi tambarare hana sababu ya kuijua. Kwa hiyo si ajabu kwamba maswali yaletwayo katika gereji za mji wetu mintarafu ya breki aghalabu huihusu ekseli ya nyuma: je, yafaa kuondoa ngoma zilizotoka kiwandani, na mahali pake kufungwe diski na kalipa, ama zile mpya zinazouzwa madukani bila kuundwa kwa gari hilo, ama zile zilizofunguliwa katika gari jingine lililokufa? Jibu langu ni kwamba yafaa pale tu ambapo wasaa ulio ndani ya rimu, nguvu ya breki za mbele na hali ya hendibreki vimepimwa kabla ya spana kushikwa, na kwamba katika magari mengi ya namna hii ngoma iliyotunzwa vyema hushinda kalipa iliyoingizwa kwa kulazimishwa.

Rimu ya kirikuu huandikwa inchi 12, yaani milimeta 305 hivi, na fundi asiye na hadhari hudhani kwamba huo wote ni upana wake wa kufanyia kazi. Kumbe kipimo hicho huchukuliwa pale tairi linapokalia. Ndani zaidi rimu ina bonde ambamo ukingo wa tairi huangukia wakati wa kulivalisha, na bonde hilo, pamoja na unene wa bati lake, hula milimeta 15 hata 20 kila upande, ikawa kipenyo kinachobaki ni milimeta 265 au 275 tu. Chukua basi diski ya milimeta 200, ambayo nusu kipenyo chake ni 100. Ongeza mgongo wa kalipa unaopita juu ya ukingo wa diski, ambao kwa kalipa nyingi haupungui milimeta 25. Kisha acha milimeta 3 za usalama, kwa maana rimu hupinda kidogo ikibeba mzigo na kokoto za barabara ya vumbi hupenda kukwama hapo. Jumla ni 128, karibu sawa na nusu ya kipenyo kile kilichobaki, nayo itaingia kwa shida. Diski ya 220 haitaingia kabisa, hata fundi akiapa. Ama bajaji, ambayo tairi lake ni 4.00-8 na rimu yake ni inchi 8, hesabu hiyo hiyo huiachia diski ya milimeta 110 hivi, na diski ndogo kiasi hicho haina nguvu wala haina mwili wa kubeba joto.

Kipimo cha pili husahauliwa zaidi, nacho ni kina, yaani umbali kutoka uso wa diski hadi uso wa ndani wa gurudumu. Kalipa yenye pistoni pande zote mbili huwa na kifua kinene upande wa nje, na kifua hicho ndicho kinachogonga gurudumu; kalipa inayoelea juu ya pini zake, yenye pistoni upande wa ndani peke yake, huwa nyembamba kwa nje na kwa hiyo hufaa zaidi. Njia ya kupima ni nyepesi: bandika vidonge vya udongo laini wa mfinyanzi mgongoni na kifuani mwa kalipa, funga gurudumu, lizungushe polepole kwa mkono, lifungue tena, halafu pima unene wa udongo uliosalia. Palipobaki chini ya milimeta 3, kazi haijakubali. Wengine hapo hutia spesa ili kulisukuma gurudumu nje, wakasahau kwamba kila milimeta ya spesa hupunguza nyuzi za bolti zinazoshikwa na nati, na huiongezea beringi mzigo ambao haikuundwa kuubeba.

Shida hii si ngeni duniani. Mwaka 1959 mbunifu Alec Issigonis alipoitoa gari dogo la Mini kule Uingereza, alilipa magurudumu ya inchi 10 na ngoma pande zote nne, ingawa miaka sita kabla yake gari la Jaguar lilikuwa limekwisha kushinda mbio za Le Mans kwa breki za diski. Mwaka 1961 Mini Cooper ilipewa diski za inchi 7, lakini mbele tu, na hata gari hilo lilipokoma kuundwa mwaka 2000 nyuma yake ilikuwa bado na ngoma. Walioteseka ni wale waliopenda kujiundia magari nyumbani kwa kununua mabodi na vipande, kama Mini Marcos ya mwaka 1965, wakarithi magurudumu yale madogo na ekseli ile ile. Waliotaka kalipa nyuma iliwabidi watafute kalipa ndogo mno na kuchonga vibamba vya kuzishikia.

Waundaji wa Mini yenyewe waliridhika na ngoma za nyuma kwa sababu iliyo dhahiri. Gari linapofunga breki, uzito wake huegemea mbele, na nyuma hubaki nyepesi. Iwapo magurudumu ya nyuma yatajifunga kabla ya yale ya mbele, mkia hutaka kutangulia na gari hugeuka. Kirikuu tupu inayorudi kutoka sokoni ni nyepesi mno nyuma, na mtu akiifungia huko kalipa zilizotoka mbele ya gari jingine, zenye pistoni kubwa, amejitafutia taksiri siku ya mvua. Fauka ya hayo, pistoni kubwa hunywa mafuta mengi zaidi ya breki, masta silinda isitosheleze, na pedali ikashuka karibu na sakafu. Tena, baadhi ya mifumo ya ngoma ina vali ndogo inayobakiza shinikizo katika paipu ya nyuma; ikiachwa, pedi husugua diski mchana kutwa.

Hapo ndipo joto linapoingia katika hesabu. Kati ya milima ya Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa, ambao hauzidi meta 500 juu ya usawa wa bahari, mteremko ni zaidi ya meta 500. Gari la tani moja likishuka meta 500 kwa gia huru, breki zikabebeshwa kazi yote, joto linalozaliwa latosha kuchemsha lita 14 hivi za maji ya mtungini. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 205. Yakisha kunyonya unyevu wa masika hushuka hata 140, na yakichemka pedali hukanyaga mvuke. Kubadilisha mafuta hayo na kushuka kwa gia nzito huleta faida kubwa kuliko kalipa yoyote mpya.

Aliyekwisha kupima na kuamua kufunga, na aangalie mambo mawili ya karibu sana. Kijinati cha kutolea upepo sharti kikae juu. Kalipa ya kushoto ikifungwa kulia kijinati huangalia chini, upepo hubaki juu ya pistoni, na fundi atakanyaga pedali hadi magharibi bila kuupata ugumu. Pili, kalipa itakayofungwa iwe na mkono wa kuvutwa na waya wa hendibreki, au diski iwe na ngoma ndogo tumboni mwake, kwa maana kalipa isiyo na kimoja cha hivyo humwacha mwenye gari akitegemea jiwe nyuma ya tairi kila aegeshapo mlimani. Kisha gari lijaribiwe mahali tambarare pasipo watu, kwanza likiwa tupu, halafu likiwa na mzigo, mtu mwingine akisimama kando atazame ni magurudumu yapi yanayojifunga kwanza. Yakiwa ya nyuma, itiwe vali ya kupunguza shinikizo kwenye paipu yake na jaribio lirudiwe kabla gari halijaelekezwa Mbinga.