Mbu akiimba, kompyuta yaamka!

Usiku wa Milepa, jamani, usisimuliwe! Sumbawanga mjini, zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, unalala na blanketi mbili. Teremka sasa kwenye bonde la Ziwa Rukwa, kama mita 800 hivi, shati lote linagandia mgongoni. Na taa ikizimwa tu, yule mwimbaji wa sikioni anaanza: nziiii!

Mimi mlio huo naujibu kwa kofi, na mara nyingi linaishia shavuni mwangu. Lakini wapo waliouona ni dili la kompyuta. Sikia mambo.

Mbu halii kwa mdomo, ndugu yangu. Ule mlio ni mabawa, yanayopiga mara mia kadhaa kwa sekunde moja. Jike, ambaye ndiye pekee anayeuma, mlio wake ni mzito kuliko wa dume. Hata aina kwa aina hutofautiana, ingawa nyingine zinakaribiana sana. Basi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, wakaungana na wenzao wa Taasisi ya Afya Ifakara, kule Morogoro, katika mradi unaoitwa HumBug. Hoja yao ilikuwa rahisi: kama sikio la mtu linashtuka kwa mlio huo, simu nayo itashindwaje?

Inakuwa hivi. Simu ya bei nafuu inatiwa kwenye mfuko ulioshonwa kwenye chandarua. Wewe unalala ndani raha mustarehe, na ndiye chambo mwenyewe. Mbu wanazunguka, simu inarekodi. Baadaye rekodi zinatumwa kwenye kompyuta kubwa, na programu inazikata vipande vifupi na kulinganisha kila kimoja na milio iliyofundishwa. Kikifanana kupita kiwango kilichopangwa, yenyewe inatia alama: hapa kuna mbu! Hakuna wa kukesha akisikiliza. Mwaka 2021 walitoa hazina ya saa 20 za rekodi, na saa 18 kati ya hizo zina mbu wa aina 36.

Usidhani ni mchezo. Njia ya siku nyingi ya kuwahesabu mbu ni mtu kukaa usiku amekunja suruali, akimnasa kila anayetua mguuni. Mguu wa binadamu ndio mtego! Na mganga wa wilaya asipojua ni mbu gani wanakuja na saa ngapi, atajuaje dawa ipulizwe wapi kwanza?

Ila shughuli yote iko kwenye kile kiwango. Ukikishusha sana, kompyuta itaita mbu hata pikipiki ya mbali au mjomba anayekoroma. Ukikipandisha mno, mbu watapita wanaimba na mashine imenyamaza. Kusikia ni kazi nyepesi. Kazi ngumu ni kujua kipi cha kupuuza.

Wamarekani walilipata somo hilo Aprili 2017. Tangazo la baga la Burger King kwenye runinga lilitamka makusudi maneno yanayoamsha spika za Google. Spika majumbani zikaitika na kuanza kuwasomea watu sifa za baga ambayo hawakuiulizia! Ndani ya saa chache Google wakaziba mwanya huo.

Wengine wanaishukuru teknolojia hii. Tangu 2020 zipo simu zinazomtetemeshea kiziwi pale mtoto anapolia au mlango unapogongwa. Mwaka 2021 Apple wakaleta njia ya mtu asiyeweza kutumia mikono kuiendesha simu kwa milio ya mdomo, kama kualika ulimi.

Nawasikia wanaonong'ona: ukitaja Rukwa na mashine inayoitika yenyewe, huo si uchawi? Kwa taarifa yako, Sumbawanga kwa Kifipa ni kusema tupa uchawi! Hapa ni hesabu tupu.

La kuogopa ni jingine. Simu inayomsikia mbu chumbani inasikia na maongezi ya chumbani. Akija mtu na chombo cha namna hiyo, muulize kwanza: rekodi inakwenda wapi, na nani ataisikiliza? Asipojibu, abebe simu yake.

Na wewe kijana wa mjini unayetaka kompyuta yako ifungue muziki ukipiga makofi, sikukatazi. Chagua mlio usiotokea ovyo. Makofi mawili ya haraka ni bora kuliko moja. Jaribu mbwa akibweka na jirani akiwa amefungulia redio. Na usiipe sauti kazi isiyorudi nyuma. Kuwasha muziki, ruksa. Kutuma pesa, thubutu!