Kitanda cha Chuma Ndani ya Mikoko



Safari hii twataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu twalipita kila siku bila kulitazama mara mbili. Ni vile vitu vizito vinavyotupwa katika mikoko yetu hapa Mombasa bara: vitanda vya chuma, mabati yaliyooza, maringi ya gari, matairi, friji zisizo na mlango, mikokoteni iliyovunjika. Vikundi vyetu vingi huokota makaratasi ya nailoni, na hiyo ni kazi njema. Lakini chuma huachwa. Ni kizito, halafu watu husema, "Hicho ni chuma tu, kitaoza chenyewe." Na sisi tulikuwa na fikira hiyo hiyo.

Jumamosi moja tulifuatana na kikundi cha akina mama na vijana kwenye ukingo wa hori ya Tudor, upande wa Mikindani, ambayo zamani ilihesabiwa Changamwe na siku hizi ni Jomvu. Maji yalikuwa yamekupwa kabisa. Ndani kidogo ya miti tukakuta fremu ya kitanda imelala ubavu, springi zake zikiwa nje kama mbavu. Hakukuwa na kitanda peke yake. Kilikuwa kimekamata nyavu kuukuu, magunia, ndara, chupa, na makaratasi ya nailoni yasiyohesabika, yote yamesokotana na springi. Nyuma yake tope lilikuwa limepanda hadi magotini. Michu mitatu iliyosimama katika tope hilo ilikuwa imekauka matawi ya juu. Hatua kumi kutoka hapo, mahali pasipo na kitu, miti ilikuwa mibichi na vikaa vikikimbia huku na huku.

Vijana walianza kuchambua makaratasi moja moja. Mzee mmoja mvuvi akawatazama, akacheka. "Wanangu, mtaokota mpaka lini? Toeni kitanda kwanza."

Basi hilo ndilo neno letu la leo. Kitu kimoja kigumu hukamata vitu mia vilaini. Karatasi ikija na maji yakijaa huondoka na maji yakipwa, isipokuwa ipate pa kushikia. Mkipewa asubuhi moja tu ya kazi, anzeni na vyuma.

Jambo hili si letu peke yetu. Kule Uingereza taabu yao ni vile vigari vya waya vya kusukumia bidhaa madukani. Watu huondoka navyo dukani, kisha huvitupa mitoni, na kila mwaka wafanya kazi wa kujitolea huvuta vigari hivyo kutoka kwenye matope. Kigari cha namna hiyo ni tenga la waya. Maji hupita, uchafu haupiti, na baada ya muda huwa kama boma dogo ndani ya mto. Hapa kwetu vigari hivyo ni vichache, lakini springi za kitanda na ngao ya feni hufanya kazi ile ile.

Sasa, kwa nini mti ufe kwa sababu ya tope na nailoni, hali mikoko huishi ndani ya tope siku zote? Utazameni mchu. Chini yake mtaona vijiti vingi vimechomoza kama penseli zilizosimamishwa. Hivyo si vichipukizi, ni mizizi, na kazi yake ni kupumua. Ndani ya tope la mikoko hewa ni haba sana, ndiyo maana ukilichimba hunuka kama yai viza. Kwa hiyo mti hutoa pua zake juu ya tope, na maji yakipwa huvuta hewa. Mlilana pia hufanya hivyo kwa vijiti vinene zaidi, na mkoko wenyewe hupumua kwa ile miguu yake iliyopinda. Ukizifunika pua hizo, mti hukosa pumzi kutoka chini. Hauanguki siku hiyo. Huanza kupukutisha majani juu, na watu husema umezeeka.

Tuna ushahidi wa karibu. Mvua kubwa za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashamba ya juu hadi Mwache, mwisho wa hori ya Port Reitz. Udongo ule ulifunika mizizi na mikoko mingi ikafa imesimama. Hakuna aliyeikata. Watafiti waliopima mikoko ya Tudor na Mwache kati ya mwaka 1992 na 2009 walikuta Tudor imepoteza zaidi ya asilimia 80, na Mwache karibu nusu. Hatusemi ni vitanda vilivyofanya hivyo! Ukataji wa miti, maji machafu na udongo ndivyo vilivyotangulia. Lakini msitu uliobakiwa na kidogo hauna nafasi ya kuchezea.

Kuhusu nailoni, watu wa Java huko Indonesia walijaribu jambo hili makusudi: wakafunika mizizi ya michu, mingine nusu, mingine yote. Iliyofunikwa nusu ilihangaika ikatoa mizizi mipya. Iliyofunikwa yote ilipoteza majani.

Na mti ukienda, wengine huenda nao. Kamba na vifaranga vya samaki kama mkizi hujificha katikati ya mizizi hiyo, maana samaki wakubwa hawawezi kuingia. Kaa huchimba mashimo yao hapo, na mashimo hayo ndiyo yanayopeleka hewa na maji ndani ya tope, kwa hiyo kaa naye huusaidia mti. Wavu kuukuu ulionasa kwenye chuma huendelea kuvua usiku na mchana bila mwenyewe. Tulikuta kaa wawili wakavu ndani ya ule wa kitanda. Mama mmoja wa kikundi, ambaye huuza kaa, aliwatazama akasema tu, "Hizo ni pesa zangu."

Wako watakaotuuliza: mbona meli Dania ilizamishwa makusudi nje ya Mombasa mwaka 2002, na samaki wamejaa humo? Ni kweli. Lakini ile ilisafishwa kwanza, ikapelekwa bahari kuu penye kina, mbali na mizizi ya mti wowote. Ndani ya hori hakuna nafasi ya namna hiyo.

Wengine huogopa kutu. Kwa maoni yetu kutu si adui mkubwa, kwani tope lenyewe lina chuma ndani yake. Kinachotutisha ni kile kinachokuja na chuma: mafuta ya injini, rangi, na zaidi ya yote betri za gari. Betri ina risasi na asidi. Wakazi wa Owino Uhuru, papo hapo Mikindani, wanajua risasi ni nini. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi pale kuanzia mwaka 2007 hadi 2014, na watoto wakaugua. Mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikairudisha hukumu hiyo Desemba 2024. Kwa hiyo mkikuta betri, msiipasue, msiichome, wala msimpe mtoto aibebe. Iwekeni ndani ya ndoo ya plastiki isiyovuja, mbali na chakula.

Vitu hivi hutoka wapi? Mara nyingi si mbali. Wengi huelekeza kidole Kibarani, na kweli taka zilirundikwa pale ukingoni mwa bahari kwa miaka mingi mpaka mwaka 2018 jaa lilipoanza kufungwa na miti kupandwa, taka zikapelekwa Mwakirunge, Kisauni. Lakini kitanda chetu hakikutoka Kibarani. Mpangaji amehama, mwenye nyumba anataka chumba, kijana wa mkokoteni anapewa pesa kidogo "akatupe". Mwakirunge ni mbali, hori iko hapo nyuma ya nyumba. Kumtukana kijana huyo hakusaidii. Kikundi kile cha Mikindani kiliwaita vijana wa mikokoteni na kuwaambia: leteni chuma kwetu badala ya majini, tutagawana bei. Kikundi chochote cha Junda, Mishomoroni au Mtongwe chaweza kufanya hivyo.

Sasa kazi yenyewe. Kabla ya kuingia, zungumzeni na watu wa KFS, yaani shirika la misitu, kwa sababu mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu mwaka 1932. Mwambieni pia chifu na kamati ya wavuvi ya ufuo wenu. Chagueni siku za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu. Hapa Mombasa siku hizo maji hukupwa kabisa kama saa nne asubuhi, na mnapata muda wa kutosha kabla hayajarudi. Wekeni mtu mmoja wa kutazama maji tu. Viatu vya mpira na glavu si anasa. Anayekatwa na chuma aende zahanati siku hiyo hiyo kwa ajili ya pepopunda.

Pitieni njia moja. Watu ishirini wakitawanyika huvunja mizizi mingi kuliko kitanda. Msiburute chuma juu ya vijiti vya mchu, kinyanyueni. Ikiwa mzizi umepita katikati ya fremu, kateni fremu kwa msumeno, msikate mzizi. Kikizama kabisa na mti umekikumbatia, kiacheni, mtoe nyavu na nailoni zake tu.

Na kwa kile kisichonyanyuka, yule mzee alitufundisha jambo. Lilegezeni tope pembeni kwa mti, kisha fungeni mitungi mitupu ya lita 20, mifuniko ikiwa imekazwa, kuzunguka chuma wakati maji yamekupwa. Kila mtungi uliozama hubeba karibu kilo 19. Mitano hubeba karibu kilo 95. Halafu tokeni, mkae mngojee. Maji yakijaa, yatafanya kazi ambayo wanaume sita hawakuweza, na mtakivuta kwa kamba taratibu hadi mahali pa wazi. Mtu asisimame kati ya kamba na chuma.

Chuma kikifika nchi kavu kina bei. Uzeni kwa mwenye leseni, maana sheria ya chuma chakavu ya mwaka 2015 yadai hivyo. Mwaka 2022 biashara yote ilisimamishwa kuanzia Januari hadi Mei kwa sababu ya wizi wa nyaya za stima. Kwa hiyo wekeni daftari: kitu gani, kimetoka wapi, siku gani. Mkikuta waya wa stima, kipande cha reli au mfuniko wa mtaro, msiuze, pigeni ripoti.

Msikimbilie kupanda miche siku hiyo. Pengo likishafunguka, subirini. Pale Mikindani tulirudi baada ya miezi minne. Tope nyuma ya kitanda lilikuwa limeshuka, na miche ya mchu iliyoletwa na maji yenyewe ilikuwa imeota. Mchu mmoja kati ya ile mitatu ulikufa, miwili ina majani. Maringi mawili ya lori bado yamo ndani zaidi. Mitungi haikutosha. Kikundi kinakusanya mingine kwa ajili ya bamvua ijayo, na mwenye mtungi asiouhitaji ampelekee mweka hazina wao.