Tambi za Mkono katika Mashamba ya Emilia-Romagna

Katika mashamba ya Emilia-Romagna, kaskazini ya Italia, mgeni aliyezoea tambi za pakiti huvishwa aproni na mwalimu wake, aghalabu mama wa makamo, kisha huamrishwa achimbe kishimo katikati ya unga wa ngano na kuvunjia humo yai moja kwa kila gramu 100, bila hata tone la maji. Donge hukandwa likalainika, likapumzishwa kadiri ya nusu saa, kisha likasukumwa kwa mti mrefu hadi nuru ipenye. Na hapa ndipo wageni wengi hufedheheka, wala si ajabu. Tagliatelle, yaani tambi bapa zikatwazo kwenye donge hilo, nazo zina sharia yake: tangu 1972 upana wake, milimita 8 zikishapikwa, umesajiliwa katika Chemba ya Biashara ya Bologna, pamoja na mfano wa dhahabu.