Tangi Jipya la Samaki na Sumu ya Amonia

Tangi letu ni jipya, maji yanang'aa, lakini perege wanapandisha midomo juu kutafuta hewa, na wengine wanakufa. Kwa nini?

Mara nyingi ni amonia. Sumu hii haionekani. Hutolewa na samaki wenyewe, na chakula kinachooza chini. Katika tangi la zamani kuna vijidudu, vinakaa kwenye mawe na kuta. Hivyo huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, halafu nitrati, isiyo na madhara makubwa. Tangi jipya halina vijidudu vya kutosha. Huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaliana.

Basi tusisugue tangi kila siku! Tutavimaliza. Tubadili robo ya maji tu. Maji ya bomba yenye klorini yakae kwanza siku nzima kwenye pipa lililo wazi, maana dawa hiyo huviua pia.

Tupunguze chakula. Pumba zikielea baada ya dakika 5, tumezidisha, tuzitoe.

Kama jirani ana tangi la zamani lenye samaki wazima, tumwombe mawe machache. Tusiyaoshe. Ule utelezi ndio tunaoutaka.